Papo kwa Papo Kamba Hukata Jiwe



Kila ukaribiapo uchaguzi husikika maneno haya: "Mzee huyu amekaa mno, awapishe wengine." Mwingine hujibu: "Mwacheni, amekwisha izoea kazi." Kwa maoni yetu, wote wawili wameanzia hesabu mahali pasipo pake. Miaka peke yake si sifa wala si kosa. La kuuliza ni hili: miaka hiyo imetumika kumtetea nani? Na sisi tuliomtuma, tulikuwa wapi?

Tutazame mfano wa mbali. Mwaka 1971 Ernie Chambers, kinyozi wa mjini Omaha, aliingia katika Bunge la jimbo la Nebraska, nchini Marekani. Bunge hilo lina baraza moja tu lenye wajumbe 49, na kwa miaka mingi Chambers ndiye aliyekuwa mjumbe mweusi peke yake. Hakujigeuza bwana mkubwa. Alihudhuria vikao akiwa na fulana na suruali ya jinzi. Alijifunza kanuni za Bunge hata akaweza, yeye mmoja, kuuchelewesha kwa saa nyingi muswada alioona unawadhulumu wanyonge. Mwaka 1980 alilisukuma Bunge hilo kupitisha azimio la kutaka fedha za umma ziondolewe katika makampuni yaliyofanya biashara na Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Hivyo jimbo la wakulima na wafugaji likatangulia mengine yote.

Mtu huyu si wa dini. Alilishtaki Bunge lake kwa kumlipa mchungaji fedha za umma ili afungue vikao kwa sala, akashindwa katika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1983. Mwaka 2007 alifungua hata kesi dhidi ya Mungu, ili kuonyesha kwamba mlango wa mahakama haupaswi kufungwa kwa yeyote. Wengi wetu tungechukizwa. Lakini tusiharakishe kumpa kisogo.

Jambo alilolishika kuliko yote ni kufutwa kwa adhabu ya kifo. Mwaka 1979 Bunge lilikubali kuifuta, gavana akakataa kutia sahihi. Chambers akaurudisha muswada wake tena na tena, akishindwa na kurudi. Mwaka 2015, miaka 36 baadaye, Bunge lilikubali tena, na maaskofu Wakatoliki wa Nebraska waliunga mkono. Gavana Pete Ricketts, ambaye ni Mkatoliki, akatumia kura ya turufu kuukataa muswada huo. Bunge likamshinda kwa kura 30 dhidi ya 19, idadi ile ile iliyohitajika, bila hata moja ya ziada. Asiyesali alisimama upande mmoja na maaskofu, na muumini akasimama ng'ambo ya pili.

Laiti habari ingeishia hapo! Mwaka 2016 suala hilo lilipelekwa kwa wananchi kwa kura ya maoni, na takriban asilimia 61 wakairudisha adhabu ya kifo. Agosti 2018 mtu mmoja aliuawa gerezani kwa sindano ya sumu, wa kwanza katika jimbo hilo tangu 1997.

Wako wanaosema dawa ya wabunge wa muda mrefu ni ukomo wa vipindi. Nebraska iliijaribu dawa hiyo. Mwaka 2000 wapiga kura waliamua kwamba mjumbe asizidi vipindi viwili mfululizo, na wengi walijua ni nani aliyelengwa. Chambers aliondoka mwaka 2009, akangoja miaka minne, akachaguliwa tena, akatumikia hadi mwanzoni mwa 2021. Jumla ni miaka 46. Hatuupingi ukomo, kwa maana kiti cha umma si urithi wa mtu. Lakini ukomo humwondoa mvivu na mwaminifu pamoja. Kuwatenganisha ni kazi ya mpiga kura aliye macho.

Fundisho kubwa zaidi limo katika kura ile ya 2016. Mjumbe aliweza kuwageuza wenzake 29. Hakuweza, wala haikuwa kazi yake peke yake, kuigeuza mioyo ya jimbo zima. Hiyo ilikuwa kazi ya parokia, ya familia, ya watu kama mimi na wewe. Waraka wa maaskofu usomwao Jumapili na kusahauliwa Jumatatu hauokoi uhai wa mtu. Kamba hukata jiwe kwa kuvutwa na mikono mingi.

Basi, katika jumuiya zetu, tujiulize:

1. Mjumbe wetu amemtetea nani katika miaka aliyokaa? Tutaje mambo, si miaka.
2. Je, twaweza kushirikiana katika haki na mtu asiye wa imani yetu?
3. Kama adhabu ya kifo ingeletwa kwetu kesho tuipigie kura, tungepiga vipi, na ni nani aliyetufundisha?