Mwalimu hali chaki

Bunia: Kijana aliyemaliza sekondari tawi la ualimu, diploma ya Serikali mkononi, akitafuta kazi yake ya kwanza darasani anaambiwa: "Ingia ufundishe, mshahara utakuja." Hauji. Anahesabiwa kati ya walimu wapya wasiolipwa, miaka inapita bila namba ya matrikile. Zamani wazazi walimchangia prime. Tangu 2019 shule ya msingi ya umma ni bure, na ni vizuri, wahami wangelipa na nini? Lakini isilipwe na njaa ya mwalimu! Watoto wa wahami wanabanana kwenye benchi moja, huku wenye diploma wakibeba abiria kwa pikipiki. Kinshasa itoe matrikile kwanza, ndipo iwape chaki.