Simu haitoshi! Tununue kinasa sauti kabla bendi haijatawanyika

Jumapili iliyopita tulikaa chini ya mti hapa Nakivale, tukasikiliza konseti yetu ya mwisho na mpiga besi wetu. Yeye ameshapanda ndege, yuko Kanada. Na tulisikia nini? Krrrr. Saa moja na nusu ya krrrr. Gita la solo halionekani, besi imekuwa ngurumo, ngoma ni kama mtu anapiga mabati. Simu sita zilirekodi siku ile, na zote sita zimetuletea kelele ileile.

Halafu kwenye kikao wengine bado wanasema ati simu inatosha. Wengine wanataka franga za kikundi zinunue kamera, kwa sababu watu wa nje wanapenda video. Sisi tunaoandika hapa tunakataa yote mawili.

Tusidanganyane. Simu imetengenezwa kwa maongezi. Roki ikianza, ngoma na gita la umeme pamoja, maikrofoni yake inazidiwa. Simu inashusha sauti yenyewe, inapandisha tena, muziki unahema kama mgonjwa wa pumu. Na sauti ikishakatwa kwa kuzidiwa, hakuna programu ya kuirudisha vile ilivyokuwa. Kamera ya bei yetu ina ugonjwa huohuo. Picha safi, sauti mbovu: nani atasikiliza mara ya pili?

Kinasa sauti cha mkononi, mfano Tascam DR-05, kinaingia mfukoni na bei yake haifiki ya simu nzuri. Kinakula betri 2 za AA, kwa hiyo jenereta ikizimika, chenyewe hakizimiki. Kiwango unaweka kwa mkono: wakati wa kujaribu vyombo, waambie wapige kwa nguvu zote, kilele kisipite desibeli -12, kisha usiguse tena. WAV ya kawaida inakula kama MB 10 kwa dakika. Kadi ya GB 32 inameza konseti mingi tu.

Kuna anayesema tuchomeke waya kwenye miksa, basi. Jamani, hapana! Kwetu miksa inapitisha waimbaji na labda kinanda. Ngoma na gita zinalia zenyewe uwanjani. Ukitegemea waya peke yake utapata waimbaji bila bendi. Weka kinasa juu ya stendi, kipite vichwa vya watu, katikati, mbali kidogo na spika.

Msiseme haya ni mambo ya studio. Kule Marekani, mashabiki wa Grateful Dead walibeba vinasa vyao wenyewe hadi konsetini, na mwaka 1984 bendi ikawatengea sehemu yao ya kurekodi. Ni mashabiki tu, si studio. Na kwetu Kongo, mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean-Bosco kule Katanga. Gita lile linasikika mpaka leo. Lakini wangapi walipiga gita mitaani miaka hiyohiyo, hakuna aliyewawekea maikrofoni? Hata majina yao hatuna.

Sisi ndio tuko karibu kuwa hao wasio na majina. Bendi ya mjini inaweza kungoja, itapiga tena mwaka kesho. Bendi ya wakimbizi haina mwaka kesho. Mmoja anaenda Kanada, mwingine Australia, mwingine anarudi nyumbani, na nyimbo tulizotunga pamoja zinabaki vipande vipande vichwani mwetu.

Mpiga ngoma wetu naye ameshaitwa kwenye mahojiano. Kamera inaweza kungoja. Yeye hatatungoja.

Kikao ni Jumamosi. Njooni wote, na mkono wako uinue kwa kinasa sauti.