Chablis yauza jina lake, Githongo yauza majanichai tu

MKULIMA wa majanichai wa Githongo, katika kaunti ya Meru, huenda asionje mvinyo wa Chablis maishani mwake. Hata hivyo, mvinyo huo mweupe wa Ufaransa una funzo litakalomfaa kuliko ahadi anazosikia kila msimu wa bonasi.

Chablis ni mji mdogo katika eneo la Burgundy. Ufaransa iliimarisha sheria ya kulinda majina ya asili ya mvinyo mnamo 1935, na jina la Chablis likatambuliwa rasmi mwaka wa 1938. Mvinyo wenye jina hilo sharti utokane na zabibu aina ya Chardonnay pekee, zilizokuzwa ndani ya mipaka iliyowekwa.

Udongo wa huko umejaa mabaki ya chaza wa kale waliogeuka mawe, na wauzaji hupenda kusema kuwa ndiyo sababu mvinyo huo huandamana vyema na chaza mezani. Maelezo yaliyo rahisi zaidi ni kwamba hauna utamu, na ukali wake hukata mafuta na chumvi, mithili ya ndimu juu ya samaki wa kukaanga. Ndiyo maana huandaliwa pia pamoja na kuku wa mchuzi wa krimu na jibini la mbuzi. Hata samaki aina ya trauti, wapatikanao katika mito ya Mlima Kenya, wangefaana nao.

Kwa hivyo, mnunuzi wa Chablis hauziwi kinywaji pekee. Huuziwa mahali na mlo, na hivyo ndivyo hulipia.

Chai ya Githongo hufuata njia tofauti. Majani huchumwa kwa mkono na kupelekwa katika kiwanda cha Githongo chini ya KTDA, kisha chai huuzwa kwa wingi, hasa katika mnada wa Mombasa. Sehemu kubwa huchanganywa na chai za kwingineko. Anayeinywa London au Karachi hajui kuna mahali paitwapo Githongo, wala Mungania na Rukuriri kule Embu.

Mkataba wa biashara kati ya Kenya na Muungano wa Ulaya, ulioanza kutekelezwa Julai 1, 2024, unahakikishia bidhaa zetu soko lisilo na ushuru. Lakini mlango ulio wazi haumpi jina asiyekuwa nalo.

Ni kweli kwamba jina tupu halitoshi. Chai yetu nyingi husagwa ili itoe rangi upesi, na aina hiyo hutafutwa kwa ajili ya kuchanganywa. Anayetaka kuuza jina sharti atengeneze chai inayotambulika ulimini, na kukubali masharti makali.

Jina nalo hulindwa mapema. Kwa miongo mingi, kampuni za Marekani ziliuza mvinyo wa bei nafuu kwa jina la Chablis. Mkataba wa 2006 ulizuia nembo mpya tu. Za awali zikaruhusiwa kuendelea.

Sheria ya Kenya ya alama za biashara tayari inaruhusu vyama kusajili alama za pamoja. Wakurugenzi wa viwanda, ambao huchaguliwa na wakulima wenyewe, wanapaswa kuulizwa swali moja kabla ya kura: jina la Githongo litaandikwa lini kwenye pakiti?