Uchambuzi: Mashua ni zile zile, lakini nafasi haigawiwi na waandaaji

Deizy Nhaquile wa Msumbiji ameshiriki Michezo ya Olimpiki mara mbili: Tokyo, kisha Paris 2024, ambako mbio za mashua za matanga zilifanyika Marseille. Mara zote mbili hakufika 10 bora. Sasa macho yanapoelekezwa Los Angeles 2028, maelezo yanayotolewa upesi kuhusu wanamichezo wa pwani yetu ya Bahari ya Hindi ni kwamba hawana vifaa. Kwa daraja analoshindania Nhaquile, maelezo hayo hayatoshi.

Daraja hilo ni ILCA 6, lililojulikana zamani kama Laser Radial. Ni mashua ya mtu mmoja, yenye urefu wa mita 4.23 na tanga la mita za mraba 5.76. Katika Olimpiki, waandaaji ndio huwapa washindani mashua, zote za aina moja. Kwa hiyo Nhaquile na Mholanzi Marit Bouwmeester, aliyetwaa dhahabu Marseille, walitumia chombo kile kile. Tofauti haina budi kutafutwa kwingine: katika nguvu za mwili, katika kuusoma upepo, na katika mahali nahodha anapoiweka mashua yake miongoni mwa wenzake.

Dakika tano za msongamano

Chombo cha tanga hakiwezi kwenda moja kwa moja kuelekea upepo utokako. Hubisha, yaani huenda mshazari upande huu, kisha upande ule. Boya la kwanza huwekwa huko upepo utokako, na ishara ya kwanza hutolewa dakika 5 kabla ya mbio kuanza. Katika dakika hizo mashua zaidi ya 40 huzungukazunguka nyuma ya mstari, kila moja ikitafuta upenyo.

Kanuni huamua nani ampishe nani. Mashua inayopata upepo kutoka kushoto huipisha inayoupata kutoka kulia. Zikiwa zote zinapata upepo kutoka upande mmoja na zimeandamana ubavu kwa ubavu, iliyo joshini huipisha iliyo demani. Nahodha mzoefu huitumia kanuni hiyo kama silaha. Huwasukuma walio joshini, huku akilinda nafasi tupu upande wake wa demani. Sekunde za mwisho huiinamisha omo kuelekea nafasi hiyo, tanga likajaa, naye akavuka mstari akiwa tayari ana kasi.

Asiye na nafasi hiyo hubanwa. Matanga ya wenzake humkatia upepo, na ule unaomfikia huwa umekwisha kuvurugwa. Hulazimika kugeukia upande asioutaka, ili tu apate upepo safi. Kuchelewa sekunde chache mstarini huzaa hasara inayokua hadi boya la kwanza. Naye akivuka mapema bendera nyeusi ikiwa imepandishwa, huondolewa katika mbio hiyo.

Funzo la Ainslie na Scheidt

Uzito wa nafasi ulidhihirika katika ushindani wa Muingereza Ben Ainslie na Mbrazil Robert Scheidt. Katika mbio ya mwisho ya daraja la Laser mwaka 1996, huko Savannah, Scheidt aliyekuwa akiongoza kwa pointi alivuka mstari mapema, na Ainslie akamfuata. Wote wawili wakaondolewa, na dhahabu ikawa ya Scheidt.

Sydney mwaka 2000, Ainslie alilipa deni. Hakuhitaji kushinda mbio ya mwisho. Alihitaji Scheidt amalize vibaya. Alimwandama tangu kabla ya kuanza, akamzibia upepo, hata wote wakabaki nyuma ya kundi. Hesabu ya jumla ikampa Ainslie dhahabu. Katika mbio hizo mbili, aliyefaidika hakuwa mwenye mwendo mkali zaidi.

Kisichofundishika peke yako

Kasi na wepesi wa mwili vyaweza kujengwa kwa mazoezi ya mtu mmoja. Kuhusu upepo, mtoto aliyekulia kwenye ngalawa huenda akawa na mengi ya kumfundisha mgeni. Lakini kuupigania mstari hakufundishiki bila wapinzani. Barani Ulaya watoto huanza kubanana kwenye mstari tangu umri mdogo. Anayekutana na mashua 40 kwenye mashindano makubwa pekee huanza kujifunza siku ya mtihani.

Yupo atakayesema kwamba nchi moja ya ukanda huu haiwezi kukusanya mashua 40. Ni kweli, ila haihitajiki. Msongamano hutokana na urefu wa mstari: mashua 10 kwenye mstari mfupi hubanana sawasawa na 40 kwenye mstari mrefu. Mashua hizo 10 zaweza kupatikana iwapo Maputo, Dar es Salaam, Mombasa na Victoria zitashindana pamoja mara kwa mara. Shelisheli nayo ina uzoefu wa kuchangia, kwani Allan Julie aliiwakilisha katika Olimpiki kadhaa kwa mashua ya Laser.

Vyama vya michezo vinapopanga bajeti kuelekea 2028, mashua mpya ndiyo itakayoombewa fedha kwanza, kwa kuwa huonekana na hupigwa picha. Nauli ya kuwakutanisha mabaharia wa nchi jirani haina mvuto huo. Hata hivyo, Olimpiki itampa kila aliyefuzu mashua. Wapinzani wa kujifunzia, haitampa.