Ganzi ya vidole usiku: tusikimbilie kusema ni jini

Wako kina mama wengi wanaoamka usiku wa manane, kiganja kinawaka moto na vidole vimekufa ganzi, wakaukung'uta mkono mpaka wapate nafuu. Akihadithia, jirani humwambia kakumbwa na jini. Atachanjwa chale kwa wembe usiojulikana ulikotoka, atauziwa mafuta, na miezi inapita. Hapo ndipo ninapokosana na wenzetu. Qur'an ni shifaa, hilo halina ubishi, lakini Mtume (s.a.w.) ametuamrisha pia tujitibu.

Maradhi haya yanajulikana. Kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba: chini mifupa, juu utepe mgumu. Humo hupita kano 9 na mshipa mmoja wa fahamu. Njia ikijaa, mshipa hubanwa. Ndiyo maana ganzi hushika kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Kidole cha mwisho huachwa. Jini gani huyo anayechagua vidole?

Huwapata zaidi wanawake, hasa wajawazito, na wenye kisukari au baridi yabisi. Kazi za kukunja na kukaza kifundo kutwa nzima huchochea: kukamua nguo, kukuna nazi, kushona kofia. Hapa akina baba tusikilize. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake. Wewe unashindwa kukamua shuka?

Tiba ya kwanza ni nafuu: kulala kifundo kikiwa kimenyooshwa kwa kibao chenye kitambaa laini na bandeji isiyobana, kwa wiki 6 hivi. Alfajiri unakivua, unatawadha kama kawaida. Mjamzito mara nyingi hupona baada ya kujifungua. Isiposaidia, ipo sindano ya steroidi ya kifundoni, au upasuaji mdogo wa kuukata ule utepe. Vidonge vya maumivu peke yake havifungui njia. Na sukari ipimwe.

Ila nyama ya chini ya kidole gumba ikianza kusinyaa, vikombe vikaanguka na vifungo vikashindikana, mshipa umeshaumia, na huenda usirudi ulivyokuwa hata kwa upasuaji. Huyo asingoje wiki 6. Aende hospitali wiki hii hii, na mume atoe nauli.