Roho ya Paka Ni Uongo Tuliorithi

Makala hii inahusu paka. Si paka wa mafumbo, si paka anayesimama badala ya dola au ubepari. Ni paka wa mama yangu, Kasokola, jike la rangi ya majivu, jina lake Nyau kwa sababu hakuna aliyejisumbua kumtafutia jingine.

Najua wapo watakaoguna. Mmoja wenu, mtu ninayemheshimu kwa usomaji wake, aliwahi kuniambia kwamba paka ni mada ya Wazungu, sisi bado watoto wetu wanakosa dawa. Sentensi ya kupigiwa makofi hiyo. Ila aliyeisema anaishi ghorofani na unga anaununua wa pakiti. Kasokola, nje kidogo ya mji wa Mpanda, mahindi yakishavunwa na kupukuchuliwa yanaingia kwenye magunia, magunia yanaingia ndani ya nyumba, na mlinzi wa usiku ni paka. Mama hakumfuga Nyau kwa mapenzi. Alimfuga kwa sababu mwaka mmoja panya walitoboa magunia chini, sisi tukiyaona juu yamejaa, na Februari tukaanza kununua unga tuliokuwa tumeulima wenyewe. Anayeita hiyo anasa aje anieleze vizuri.

Sasa dawa.

Nilipokwenda likizo nilimkuta Nyau kakonda, manyoya yamesimama. Minyoo. Nikanunua kidonge mjini, cha paka hasa, kwa kipimo cha uzito wake, nikajiona msomi. Nilimpakata, nikampanua taya, nikasukuma. Kidonge kikavunjikia mdomoni. Jamani! Povu jeupe, zito, lile la sabuni ya kufulia, likamtoka mpaka kifuani. Akawa anarudi kinyumenyume huku anatikisa kichwa, macho yamemtoka. Jirani aliyekuwa anachota maji akapiga ukelele: "Kichaa hicho!" Kabla sijasimama, vijana wawili walishafika na marungu, na mmoja ana kiroba tayari cha kwenda kumtupia.

Nilisimama mlangoni nikawazuia. Nilitoa hotuba. Nikawaambia dawa ni chungu, paka akionja kitu kichungu mate humtoka hivyo, subirini. Baada ya dakika kama kumi povu likakata. Nyau akapanda juu ya kinu, akaanza kujilamba mkono kama hakuna kilichotokea. Vijana wakaondoka wamenuna. Mimi nikabaki na ushindi wangu, nikamgeukia mama nikamwambia, neno kwa neno: "Mama, paka akipewa dawa akabadilika usihangaike, huwa inapita."

Shikeni sentensi hiyo.

(Nisieleweke vibaya. Kichaa cha mbwa kipo, kinaua, na paka naye hukipata. Mnyama aliyebadilika tabia, anayeuma watu bila sababu, si wa kusubiriwa dakika kumi. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa robo saa nzima, halafu kimbia hospitali ukachomwe chanjo siku hiyohiyo. Ninachosema ni kwamba povu peke yake, dakika moja baada ya kidonge kichungu, si ushahidi wa kichaa.)

Miezi michache baadaye nimesharudi kazini. Nyau akaanza kuchechemea, labda alianguka, labda alipigwa. Mama, mwenye huruma kuliko anavyopenda kuonekana, akaenda duka la dawa kuulizia. Muuzaji akamwambia ampe nusu ya kidonge cha maumivu, "kama unavyompa mtoto". Kilikuwa paracetamol, ambazo kwetu zote huitwa panadol hata zitoke kiwanda gani. Mama akakisaga, akachanganya na mchuzi wa dagaa. Nyau akalamba sahani yote. Hakutoa povu hata tone.

Usiku akalala. Asubuhi uso ulikuwa umevimba, nyayo zimevimba, anahema kwa shida. Mama anasema alimfungua mdomo akaona ufizi umekuwa rangi ya chokoleti. Hakuna aliyepiga ukelele. Hakuna aliyekuja na rungu. Mama mwenyewe hakunipigia simu mpaka mchana, na nilipomuuliza kwa nini, alinijibu taratibu tu: "Si ulisema huwa inapita, mwanangu?"

Alikuwa ameshakufa.

Nilichojifunza baadaye ningeweza kukijua kabla, maana kimeandikwa kwenye vitabu vya udaktari wa mifugo miaka mingi. Ini letu lina vimeng'enya vinavyoifunga paracetamol ili itoke mwilini. Paka ni mla nyama mtupu, na kwake kimeng'enya kinachohitajika kwa kazi hiyo ni kama hakipo. Dawa inageuka sumu, sumu inaishambulia damu, damu inashindwa kubeba oksijeni. Ndiyo ule ukahawia wa ufizi. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mzima, na nusu pia si salama hata kidogo. Ipo dawa ya kumwokoa, lakini inahitaji mganga wa mifugo na inahitaji saa za mwanzo, zile ambazo sisi tulikuwa tunasubiri ipite. Na si paracetamol peke yake. Baadhi ya dawa za kupe za kuogeshea ng'ombe, na zile za viroboto za mbwa zenye permethrin, zikimgusa paka zinamtetemesha hadi kifafa. Hapo mbwa wa nyumba hiyohiyo amekaa, haumwi chochote.

Kwa hiyo hasira yangu ya kwanza ni juu ya "kama unavyompa mtoto". Paka si mtoto mdogo, si mbwa mdogo, si ng'ombe aliyepunguzwa. Muuzaji yule hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na imani kwamba mwili ni mwili, kinachobadilika ni kipimo tu, na imani hiyo mnayo wengi wenu mnaosoma hapa.

Ya pili ni juu yetu watu wa lugha. Tunasema fulani ana roho ya paka, yaani hafi ovyo. Tumeirudia mpaka imekuwa elimu ya tiba. Mama alipomwona Nyau anahema, jirani alimfariji kwa maneno hayohayo: paka hafi kwa kidonge. Semi zinachekesha zikiwa vitabuni. Zikisogea karibu na sahani ya dagaa zinakuwa maelekezo ya matumizi.

Na ule ukelele wa "kichaa" nao una ukoo. Katika hadithi ya Sultani Majnuni, ambayo Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 pamoja na ngano nyingine za Unguja, paka wa sultani anakula ndama, mifugo, mwishowe watu, anakuwa nunda. Kila mtu anakumbuka nunda. Wachache wanakumbuka kwamba kijana anayekwenda kumwinda anaua wanyama wasio na hatia mmoja baada ya mwingine, kuanzia mbwa hadi ndovu, na kila mara mama yake anamwambia siye huyo. Wale vijana wawili na kiroba chao ningependa waisome sehemu hiyo. Na mimi pia, maana nilizuia rungu lisilohitajika halafu nikamfundisha mama kulala usingizi siku yenye nunda wa kweli.

Mama alitaka nisiandike haya. Anasema watu watamcheka, mtu mzima kaua paka kwa panadol.

Nilipokwenda tena nilipita pale dukani. Sikugombana. Nilikata kipande cha boksi nikaandika kwa kalamu ya wino mzito: HIZI PAKA HAPEWI. Nikamwomba muuzaji akibandike penye paracetamol. Akakisoma, akatabasamu, akasema wateja watadhani duka limekuwa la paka. Nikakiacha juu ya kaunta, nikanunua betri za tochi, nikaondoka. Dada yangu ananiambia bado hakijabandikwa, ila hakijatupwa pia. Muuzaji anakitumia kukinga droo ya chenji isifunguke.