Taa ya Njano Isiwanunishe

Mwezi huu tuweke kando habari za zawadi na maua, tuzungumzie ile taa ndogo ya njano yenye mchoro wa injini. Ikishawaka tu kwenye dashibodi, wapendanao wanaanza kuulizana: "Nani aliendesha mwisho?"

Kwetu iliwaka Ijumaa jioni. Mke wangu anafanya kazi Bunda, mimi niko Musoma, na gari ni moja. Kesho yake tulitakiwa Butiama kumchukua mama mkwe aende hospitali. Fundi mmoja akafungua boneti, akatazama kwa macho tu, akasema nozeli na pampu ya mafuta zimekufa. Laki nne na nusu! Hiyo ndiyo ilikuwa pesa yetu ya bati. Mke wangu akashuku kuwa gari nimewaazima washkaji. Nikamwambia hapana, hakuamini. Usiku ule tulilala mzungu wa nne.

Asubuhi tukampata kijana mwenye mashine ya kupimia. Akaichomeka chini ya usukani, ikatoka namba: P0455. Hakugusa nozeli wala pampu. Alikwenda moja kwa moja kwenye mfuniko wa tenki, akatuonyesha mpira wake uliokauka na kupasuka. Tukanunua mfuniko mwingine kwa bei isiyofika hata sehemu ya kumi ya ile ya jana, na mama mkwe akafika hospitali.

Sasa tuelewane. Petroli hutoa mvuke hata gari likiwa limeegeshwa. Mvuke huo haupaswi kutoka nje, bali huhifadhiwa kwenye kopo lenye mkaa maalumu. Injini ikifanya kazi, valvu hufunguka na mvuke huvutwa ukachomwe pamoja na mafuta. Kompyuta ya gari huufunga mfumo huo na kuangalia kama presha inashika. Isiposhika, kuna mahali panapovuja, na taa inawaka.

Namba zenyewe zina lugha yake. P0455 ni uvujaji mkubwa, P0442 ni mdogo, kama tundu la milimita 1. P0456 ni mdogo zaidi, kama nusu milimita. P0457 inakutuma kwenye mfuniko wa tenki. Lakini kumbuka, namba inakuambia tatizo liko kwenye mfumo gani, haikuambii ununue kifaa gani.

Basi anza na cha bei nafuu. Kaza mfuniko mpaka ulie "ka-ka-ka", hasa kama mlijaza kwa kidumu njiani. Kagua mpira wake. Kisha angalia mabomba ya mpira, maana barabara za vumbi na mashimo huyachubua. Kama gari linasumbua kuwaka kila mkitoka sheli, mwambie fundi aipime ile valvu ya kuvuta mvuke, huenda imekwama wazi. Tundu lisipoonekana, gereji zenye vifaa hupuliza moshi ndani ya mfumo na kutazama unapotokea. Na mkijaza mafuta, pampu ikijikata yenyewe, inatosha. Kushindilia kunaweza kuharibu lile kopo la mkaa.

Usishangae taa isipozimika palepale. Kompyuta hurudia kujipima siku kadhaa, injini ikiwa imepoa na tenki halijajaa wala halijakauka.

Jambo lingine: si kila gari lina jaribio hili. Marekani ililazimisha mfumo wa OBD-II kwenye magari ya kuanzia mwaka 1996, na letu lilitengenezwa kwa soko la huko. Lililotengenezwa kwa soko la Japani huenda lisijipime uvujaji, kwa hiyo usimwambie fundi "ni mfuniko tu" kabla hamjasoma namba.

Taa ikitulia bila kupepesa na gari linakwenda vizuri, mna muda wa kutafuta fundi. Ikipepesa, simamisha gari, maana injini inakosa kuchoma vizuri. Na mkisikia harufu kali ya petroli, msiwashe gari, msiwashe kiberiti, sigara mbali!

Ushauri wangu wa mwisho ni wa nyumbani. Wekeni daftari ndani ya gari: tarehe, kilometa, nani alijaza mafuta, namba iliyosomwa na fundi alichofanya. Mke wangu ndiye aliyelianzisha letu, na tangu hapo fundi akitaja bei tunamuomba kwanza atuonyeshe namba. Kumnunia mwenzio hakuzimi taa, ila kunaweza kuwagharimu bati za nyumba. Kazi kwenu, tukutane mwezi ujao!